Mapazia ya Cuthbert Hesp

Ndugu msomaji, kama umeshika kikombe cha chai, kunywa taratibu, kwa maana ubaya ninaotaka kukusimulia ulianzia kwenye chai na keki, mahali ambapo hakuna mtu aliyeutazamia.

Kila Alhamisi jioni watu wa Brackenlaw walikusanyika katika chumba cha kusomea cha jumba la wachimba makaa. Mgodi wenyewe ulikuwa umefungwa zamani, lakini jumba lilibaki, na jiko lake la chuma lilitoa joto la kutosha. Wanawake walikuja na sweta wanazofuma. Wanaume walikuja wakisingizia kwamba wameletwa na wake zao. Bi Winifred Storey, mwenye duka, alikata keki ya tangawizi vipande vilivyolingana, kisha Norah Teasdale, mpishi wa shule ya msingi, akavaa miwani, akafungua mswada wake na kuwasomea sura moja. Moja tu.

"Norah, mama, tuongeze kidogo," mzee mmoja alibembeleza. "Mtu wa umri wangu haahidiwi wiki ijayo."

"Nikikumalizia leo, Alhamisi utakuja kufanya nini?"

"Kula keki."

Watu wakacheka, wakaenda nyumbani wakibishana muuaji ni nani. Hivyo ndivyo walivyoishi, na palikuwa na amani.

Norah alikuwa ameanza kuandika kabla binti yake hajazaliwa, na sasa binti huyo alikuwa na watoto wake mwenyewe. Aliandika riwaya za upelelezi za aina ya upole, zile ambazo mtu hufa katikati ya maonyesho ya maua, damu haionekani, na anayefumbua fumbo ni bibi wa kawaida mwenye kikapu cha mayai. Aliziandikia mezani jikoni vyombo vikishaoshwa. Miswada ilikwenda London ikiwa kifurushi, ikarudi ikiwa kifurushi. Aliyeipeleka posta kwa baiskeli ni mumewe, Wilf, mchimba makaa mstaafu mwenye mabega kama mlango. Aliyeipokea ikirudi ni huyo huyo Wilf, na kila mara alikificha kifurushi ndani ya koti mpaka chakula kiishe, ili mkewe ale kwanza.

Likumbuke jambo hilo, msomaji. Mume huyu nitakuja kumsema vibaya, na si haki umjue kwa ubaya wake peke yake.

Siku moja mswada ulirudi ukiwa na maneno machache ya mkono wa mhariri, mama mmoja aitwaye Isobel Crane. "Unaandika vizuri," alisema, "lakini kijiji chako kimejaa watu wema wasio na sura. Simwogopi hata mmoja."

Norah aliyatafuna maneno hayo wiki nzima huku akimenya viazi vya watoto wa shule. Aliona mama yule amesema kweli. Kisha akainua macho, akatazama nje ya dirisha la jikoni, akamwona Cuthbert Hesp akifunga lango lake.

Cuthbert alikuwa jirani wa ng'ambo ya kichochoro. Mkewe alikwisha kufariki. Alichechemea mguu wa kushoto, alipiga mluzi wa chinichini kwa kupitisha pumzi katikati ya meno, na shingoni, jua au theluji, alizungusha skafu ya kijivu ya marehemu mkewe. Hakuwa na maneno mengi. Ukimsalimu alikuitikia, usipomsalimu hakukudai. Norah akamchukua mzima mzima. Akamwongezea urefu, akampa jina la Ambrose Pike, akamtia katika kitabu kipya akiwa mtu wa kuogopwa.

Na kitabu kikapata uhai. Alhamisi ya kwanza Pike alipoingia katika hadithi akichechemea, na skafu yake ya kijivu, vicheko vya chini kwa chini vikaanza, maana Cuthbert mwenyewe alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Baada ya kusoma alimwendea Norah, kofia mkononi.

"Miguu umenipa mirefu kuliko yangu," alisema.

"Si wewe, Cuthbert. Ni mtu wa kubuni."

"Basi mtu wa kubuni amevaa skafu ya Elsie wangu." Hakuwa na hasira. Alitabasamu kidogo. "Mwisho wake ndiye muuaji?"

"Subiri, utasikia."

"Nitasubiri. Mimi na subira tumezoeana."

Sasa ni lazima nikuambie habari za liki. Sehemu nyingine duniani liki ni mboga tu, ndugu yake kitunguu, shina jeupe na majani ya kijani, unaitia kwenye supu na kusahau. Brackenlaw haikuwa hivyo. Mwanamume hulima liki katika kishamba chake nyuma ya reli, huzilisha mchanganyiko ambao hata mkewe haambiwi, na shina hunenepa likawa kama paja la mtoto. Mbegu hairithishwi kwa mtu baki, hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mwezi wa tisa hufanyika maonyesho, mwamuzi akapima, na mshindi akapewa kombe. Kombe la Brackenlaw lilikuwa limekaa juu ya kabati la Wilf Teasdale miaka mingi mfululizo. Wa pili, kila mwaka, alikuwa Cuthbert Hesp.

Katika kitabu cha Norah, Ambrose Pike anachoka kuwa wa pili. Anakwenda kuziharibu liki za mshindani wake, mtu anamwona, na mtu huyo anakutwa amekufa. Norah alitaka Pike awe na njia ya hila, akamwuliza Wilf wakiwa mezani.

"Ningekuwa mimi," Wilf alisema akipaka siagi mkate, "nisingetumia kisu. Ningechukua mshipi wa kuvulia samaki. Unauzamisha kwenye udongo, unauzungusha kitakoni, unavuta huku na huku kama msumeno. Shina linakatika chini kwa chini na majani yanabaki yamesimama. Mwenye shamba anapita, anaona kila kitu salama. Mpaka aishike."

"Wewe Wilf, unatisha."

"Nimelala na mwandishi wa mauaji miaka yote hii, ulitegemea nini?"

Norah aliiandika sura hiyo, kisha akaiona ina maelezo mengi mno. Akaitupa jikoni kwenye moto na kuandika nyingine ambamo Pike anafyeka liki kwa mundu, majani yakitapakaa kila mahali. Hiyo ya mundu ndiyo aliyowasomea watu. Wote walipiga makofi, na wote wakakubaliana kwamba Pike ndiye. Kilichobaki ni sura za mwisho tu.

Wiki tatu kabla ya maonyesho, asubuhi ya Jumatano, Wilf alirudi kutoka kishambani uso umemsawijika. Alisimama mlangoni bila kuvua buti.

"Wamezikata," alisema. "Liki zote."

Kijiji kizima kilikimbilia nyuma ya reli. Norah alifika akiwa bado na aproni. Aliona kitu ambacho wengine hawakukitazama. Liki zilikuwa zimesimama wima, kijani, nzuri, kama askari kwenye gwaride. Mwenyekiti wa klabu ya wakulima wa liki aliishika moja, ikatoka mkononi mwake bila mizizi, imekatwa chini ya udongo, mkato laini kama wa sabuni.

Hapakuwa na jani lililofyekwa. Hapakuwa na mundu.

Nyuma yake, Bi Winifred alisema kwa sauti ya kutosha, "Pike."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja aligeuka kumtafuta Cuthbert. Mwingine akasema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mwingine akakumbuka kwamba Cuthbert alionekana akipita njia ile jioni, kana kwamba kishamba chake mwenyewe hakikuwa njia hiyo hiyo. Cuthbert alifika akichechemea, skafu shingoni, akapiga mluzi wake kwa mshangao alipoona. Ule mluzi ndio uliommaliza. Walikuwa wameusikia mara nyingi mno kitabuni.

Norah alimtazama mumewe. Wilf alikuwa akitazama ardhi.

Watu wa Brackenlaw hawapigi mtu wala hawamtukani. Tangu enzi za migomo wana adhabu yao moja, nayo ni mgongo. Cuthbert alipoingia klabuni jioni ile, kila mwanamume aligeuza kiti kuelekea ukutani, kimya kimya, hata waliokuwa katikati ya mchezo wa domino. Dukani Bi Winifred alimwekea mkate juu ya kaunta, macho yakiwa dirishani. Klabu ya liki ilimnyang'anya kadi yake ya uanachama. Watoto walijifunza kupiga mluzi kati ya meno wakipita mlangoni kwake, na mama zao, ambao jana tu wangewachapa, walijifanya hawasikii.

Siku ya nne alibisha hodi kwa Norah. Alikuwa amenyoa ndevu na kufunga tai.

"Norah," alisema, "sikuja kugombana. Huyo Pike umemtengeneza wewe. Wewe ndiye unayemjua. Waambie si mimi."

"Ni hadithi tu, Cuthbert. Watasahau."

"Hawasahau. Umezaliwa hapa, unajua. Mzee Dobbin aligeuziwa mgongo tangu mgomo wa baba zetu, akazikwa nao." Aligusa skafu. "Nilifikiria hata kuivua hii. Kisha nikasema, nikiivua watasema nimeficha ushahidi."

Norah angeweza kusema wakati ule. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini ndani ya nyumba Wilf alikohoa, na Norah akasema, "Nitaona la kufanya," akafunga mlango polepole, kwa adabu. Mlango uliofungwa kwa adabu umefungwa tu, msomaji.

Tena usidhani alinyamaza kwa ajili ya mumewe peke yake. Wiki hiyo alipigiwa simu katika jiko la shule. Alikuwa Isobel Crane, kutoka London.

"Mama Teasdale, nimesoma mswada mpya ulionitumia kwa kikao kimoja. Huyu Pike nimemwogopa mpaka nikafunga dirisha. Halafu nasoma gazeti, naona liki zimekatwa kwenu kwelikweli. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na nasikia mtu mwenyewe yupo?"

Norah alikuwa ameshika mwiko. Uji wa maziwa ulikuwa ukianza kushika chini. "Watu wanasema," alijibu.

"Tunakichapa. Nitakuja mwenyewe usomaji wa mwisho, na mpiga picha. Usibadilishe hata nukta."

Miaka yote ile ya vifurushi ndani ya koti, na sasa neno lililongojewa limekuja. Norah alikaa juu ya gunia la viazi, akalia, na wapishi wenzake wakamkumbatia wakidhani ni furaha. Ilikuwa furaha kweli. Ndiyo iliyomtia hofu.

Wiki zikapita. Maonyesho yakafanyika bila liki za Wilf na bila liki za Cuthbert, na kombe likaenda kwa mtu aliyeona haya kulipokea. Wilf alipewa pole na kila mtu. Walimnunulia bia mpaka akaacha kwenda klabuni. Alikonda. Akaacha pia kumwuliza mkewe habari za kitabu.

Siku moja kabla ya usomaji wa mwisho, wakiwa kwenye chakula cha jioni, Norah aliondoa sahani ya mumewe kabla hajamaliza na kuweka mahali pake mshipi wa kuvulia uliokunjwa. Ulikuwa na udongo mweusi uliokauka.

Wilf aliweka uma chini.

"Umeutoa wapi?"

"Mahali ulipouweka. Kwa nini, Wilf?"

"Zilikuwa zimeoza kitakoni." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Nilifukua kuangalia, kidole kikazama kama kwenye jibini. Kwa nje nzuri, ndani uvundo. Ningezibeba vipi hadi mezani kwa mwamuzi? Na Cuthbert amesimama pale na za kwake?"

"Basi ukambebesha yeye."

"Mimi sikumtaja. Mungu shahidi, sikutaja jina la mtu. Nilidhani watasema vijana wa kijiji cha pili, yaishe."

"Hukumtaja, lakini ulinyamaza."

"Na wewe?" Aliinua macho, yalikuwa mekundu. "Tangu mwezi wa tano unamtaja kila Alhamisi, Norah. Na skafu yake, na mguu wake. Mimi nimekata liki zangu mwenyewe. Aliyemkata Cuthbert ni nani?"

Norah aliichukua sahani, akaiweka kwenye beseni.

"Kesho nitasema," alisema hatimaye.

"Ukisema, kitabu kimekwenda. Yule mama hachapi fumbo ambalo mkosaji ni mume wa mwandishi. Nimepanda kile kilima kwenda posta mvua inanyesha, mama. Theluji inaanguka. Nilitaka ukipate." Akasimama. "Na mimi nitaishi wapi katika kijiji hiki?"

"Cuthbert anaishi wapi?"

Wilf alichukua kofia na kutoka.

Sasa nikuambie desturi moja ya nyumba zile zilizoshikana. Mtu anayeishi peke yake hufungua mapazia asubuhi kabla watoto hawajaenda shule. Hilo si pambo, ni salamu. Mapazia yakiwa wazi, jirani anajua umeamka salama. Yakiwa yamefungwa, anayepita hubisha hodi. Wazee wengi wameokolewa hivyo, na hakuna aliyewahi kukaa kikao kuipanga sheria hiyo.

Alhamisi asubuhi Norah alitoka kwenda shule na akili yake imejaa jioni. Alivuka kichochoro akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyozoea kupita pale tangu siku ile alipomfungia Cuthbert mlango. Sijui nini kilimfanya ainue macho. Mapazia ya Cuthbert yalikuwa yamefungwa. Kizingitini palikuwa na chupa mbili za maziwa, moja ya leo, na moja ambayo ndege walikwisha kuitoboa kifuniko.

Bi Winifred alikuwa akifagia mbele ya duka.

"Winnie, haya mapazia yamefungwa tangu lini?"

Bi Winifred aliendelea kufagia pale pale palipokuwa safi. "Tangu jana."

"Na hukubisha?"

"Nilidhani anaona aibu."

Norah hakubisha pia. Aliusukuma mlango kwa bega.

Cuthbert alikuwa chini, kati ya kiti na dirisha, mkono mmoja umenyooka kuelekea kamba ya mapazia. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha na baridi ya usiku ikafanya iliyobaki. Alikuwa hai. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, na midomo yake ilijaribu neno moja mara kadhaa kabla Norah hajalielewa.

"Mapazia," alikuwa akisema.

Norah alimfunika kwa koti lake, akapaza sauti mlangoni, na kichochoro kilichokuwa bubu kwa wiki hizo zote kikajaa watu wanaokimbia. Walikuwa wepesi, tena hodari. Mmoja alileta blanketi, mwingine alipiga simu, vijana wakazuia magari ili gari la wagonjwa lipite. Lo, wema wetu unaweza kuchelewa namna gani.

Jioni jumba lilijaa mpaka ngazini. Isobel Crane alikuwa mstari wa mbele, mwanamke mwembamba mwenye viatu visivyojua matope, na mpiga picha wake kando. Wilf aliingia wa mwisho. Alikaa karibu na mlango, kwenye kiti cha Cuthbert, kwa kuwa hicho ndicho pekee kilichokuwa kitupu.

Norah alisimama. Alifungua mswada, akautazama, akaufunga.

"Leo sisomi nilichoandika," alisema. "Nitawauliza mambo mawili. Nani aliyapita mapazia ya Cuthbert jana?"

Sindano za kufumia zilisimama.

"Mimi niliyapita mara mbili," aliendelea. "Asubuhi na jioni. Sikutazama, kwa sababu sikutaka kuuona uso wake. Basi tuseme wote tuliyapita. La pili. Siku liki zilipokatwa, nani alizitazama vizuri? Katika kitabu changu Pike anafyeka kwa mundu. Majani yanatapakaa. Mlikuwepo nikisoma. Mliona majani yametapakaa?"

"Hayakutapakaa," alisema mwenyekiti wa klabu taratibu. "Zilikuwa wima. Zimekatwa chini."

"Zimekatwa kwa mshipi wa kuvulia. Najua, kwa sababu njia hiyo ilikuwemo kitabuni kwanza, nikaichoma kabla ya kuisoma kwa mtu yeyote. Cuthbert hakuijua. Ninyi hamkuijua. Waliijua watu wawili duniani. Mmoja ni mimi."

Jina la pili halikumtoka. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza. Isobel Crane alikuwa ameshusha kalamu.

"Kaa chini, Norah," sauti ilisema kutoka mlangoni. "Sentensi inayofuata ni yangu."

Wilf alikuwa amesimama, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Nilizikata mwenyewe," alisema. "Zilikuwa zimeoza. Niliona afadhali nionewe huruma kuliko nishindwe. Mliponinunulia bia nilikunywa. Cuthbert alipogeuziwa mgongo, na mimi niligeuza kiti. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Na mimi niligeuza."

Kisha kiti kimoja kilikwaruza sakafu. Mzee mmoja wa mstari wa kati alikuwa akikigeuza kuelekea ukutani. Kikafuata cha pili. Cha tatu.

"Hapana," alisema Norah. Hakupaza sauti. "Virudisheni viti. Mgongo ndio uliotufikisha hapa. Mtazameni usoni, mseme naye, mtukaneni kama mnataka. Ila hakuna mgongo mwingine katika chumba hiki."

Walikaa nusu nusu kwa muda, hawajui waelekee wapi. Aliyekuwa wa kwanza kurudisha kiti alikuwa Bi Winifred, naye alikuwa akilia.

Nje, Isobel Crane alimshika Norah kiwiko. "Sikiliza, bado tunaweza. Badilisha jina tu. Mwite mtu mwingine."

"Hapa watu wanamjua kwa skafu, si kwa jina."

"Toa skafu basi."

"Nikitoa skafu na mguu na mluzi, hamna Pike. Na wewe hutamwogopa mtu." Norah alitabasamu. "Nitakuandikia kingine, mama. Nimezoea."

Mpiga picha hakupiga picha hata moja.

Cuthbert alikaa hospitali mpaka theluji ikaanza. Alipotoka alikuwa hawezi kutumia mkono wa kushoto, na liki zake, ambazo hakuna aliyezimwagilia wala kuzifunika, zilikuwa zimekufa zote na mbegu yao pamoja nazo. Mbegu ile ilikuwa ya babu yake. Hapo hapana marekebisho. Wilf alimpelekea ya kwake, na Cuthbert aliiacha kizingitini mpaka ikaoza. Lakini Wilf alianza kulima kishamba cha Cuthbert kabla ya chake mwenyewe. Alikilima mwaka mzima bila kusemeshwa. Kombe hakuligombea tena. Mwaka uliofuata Cuthbert alikuja, akasimama kwa fimbo yake pembeni mwa tuta, akatazama kwa muda mrefu.

"Unachimba kina kifupi," alisema.

Wilf alichimba zaidi. Hayo ndiyo mazungumzo yao ya kwanza.

Norah aliandika kitabu kingine, kikarudi ndani ya koti. Akaandika kingine tena. Nywele zilikuwa zimeshakuwa nyeupe zote kampuni nyingine ndogo ilipokichapa kimoja, chenye jalada la rangi ya buluu na birika la chai. Muuaji alikuwa mtu ambaye Norah alimbuni kuanzia kucha hadi utosi, akakesha naye, akampa mguu ambao hakuna jirani aliyekuwa nao. Wasomaji walimwogopa sawasawa. Nakala ya kwanza aliivusha kichochoro mwenyewe. Mapazia yalikuwa wazi.

Cuthbert alikipokea kwa mkono mmoja, akakipima uzito kama mwamuzi wa liki.

"Nani muuaji?"

"Soma, utajua."

"Nitasoma. Ila niambie moja, nisije nikawasha taa bure." Akavuta skafu ya kijivu vizuri shingoni. "Si mimi?"

"Si wewe, Cuthbert."

"Basi ingia. Maji yanachemka."

FUNZO

Wenzangu, tunao msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mimi niliuamini ujanani. Leo nasema tuuangalie upya, maana hapa lililosemwa halikuwepo. Lilipokuja, lilikuja kwa sababu tulilisema. Anayeandika, anayesimulia, anayepiga soga barazani, wote wameshika kitu chenye makali. Ukitaka mtu mbaya wa hadithi yako, mbuni kwa jasho lako. Usimwazime jirani, kwa sababu jirani harudishwi kama ulivyomchukua.

Aliyekosa naye ajue hili: kunyamaza wakati mwenzako anabebeshwa mzigo wako ni kumbebesha kwa mikono yako mwenyewe. Wilf hakutaja jina, na hilo halikumsaidia Cuthbert sakafuni.

Na sisi tuliobaki, tusiokata liki wala kuandika, tuulizane kila asubuhi swali dogo tu: mapazia ya nani yamefungwa, na mimi nimeyapita nikidhani anaona aibu?